Kamba Niliyomkatia Salumu

Vijana, nimekwea minazi tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zenyewe zikaja kuwa nyeupe, na katika miaka yote hiyo nilianguka mara moja tu. Watu wakisikia hivyo hudhani najisifu. Mkwezi aliyeanguka akabaki na mdomo wa kusimulia amebahatika, hana la kujisifia. Wapo niliokwea nao ambao walianguka mara moja na leo tunawasomea hitima.

Mmeniuliza habari za kukwea kwa sababu wanunuzi wa madafu wamekuwa wengi na nyinyi mnataka kuifanya kazi hii. Nimefurahi. Msitegemee tu kwamba nitaanza mwanzo niende mwisho kwa mpango, maana kichwa changu siku hizi kinakwenda kinavyotaka.

Nilipoanguka ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya Kibiti yalipoanza kujaa vitu baada ya kukaa matupu muda mrefu. Tulikuwa tumezoea kuoga kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Ghafla sabuni za kila rangi, redio, kanga za kuchagua, na kamba. Kamba za plastiki, za bluu, zinang'aa, zimekunjwa vizuri kwenye karatasi yake. Nilikwenda gulioni kununua chumvi na viberiti nikarudi na kamba. Nikaipenda kama mtu anavyopenda baiskeli mpya.

Hapo niwaeleze kwanza. Mkwezi ana kamba mbili. Ya miguuni tunaiita pingu. Ni kitanzi unachokitia nyayoni ili miguu ilikumbatie shina na isiteleze. Ya pili ni mshipi wa kiunoni, ambao ukifika juu unauzungusha kwenye mnazi na kuufunga, ili mikono yote miwili iwe huru kwa panga. Wakwezi wengi wa kwetu hawakuwa na mshipi. Walitegemea pingu, vidato vilivyochongwa kwenye shina, na Mungu. Mjomba wangu Kipende, aliyenifundisha kazi, alikuwa na mshipi, na watu walikuwa wakimcheka kwamba anajifunga kama mbuzi. Yeye akiwajibu kwamba mbuzi aliyefungwa huonekana jioni.

Kamba zetu zilikuwa za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, na zilisokotwa na mwanamke mmoja tu, Bi Tatu, mjane aliyekaa njia ya Nyamisati, kule delta inapoanza. Alikuwa akiyafukia makumbi kwenye tope la maji ya chumvi miezi kadhaa, kisha akayafukua, akayaponda, akayaanika, akasokota. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya watu kujitayarisha kwa swala, wakwezi tulipita barazani kwake na kamba zetu. Alikuwa anazipitisha vidoleni. Ikiwa nzima, anakurudishia. Ikiwa mbovu, anachukua kisu anaikata katikati, vipande viwili, anavitupa jikoni kwa kuwashia moto. Hakuuliza kama una nyingine. Hakusikiliza kwamba imebaki kazi ya siku mbili tu. Mara ya kwanza aliponikatia yangu nilikasirika, nikamwambia Mjomba kwamba yule mama anaharibu mali za watu. Mjomba akaniuliza kama ningependa kuitunza ile kamba chakavu ndani ya nyumba mpaka siku nitakapokuwa na haraka. Sikuelewa siku ile. Baadaye nilielewa kwamba kamba mbovu isiyokatwa huwa inasubiri siku ya haraka.

Sasa mimi na kamba yangu ya bluu sikupita kwa Bi Tatu. Ingekuwaje nimpelekee yeye kamba ya dukani? Nilijiambia kwamba mambo ya usumba anayajua, ya plastiki hayajui. Nikaifunga kwa fundo lile lile nililofundishwa, nikaikwelea miezi miwili mitatu. Nyepesi, hainywi maji, haiwashi kiuno. Nikawa nawaambia wenzangu wanunue.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua zuri, mnazi niliouzoea, wala si mrefu sana. Nilifika juu, nikajifunga, nikaegemea nyuma ili nipate nafasi ya kulikata kole la nazi lililokuwa upande wa pili. Sikusikia mlio wa kukatika. Nilihisi tu kiuno kimelegea, kama mtu aliyekuwa amekushika amekuachia taratibu. Fundo lilikuwa limejifungua lenyewe. Usumba una manyoya, fundo lake linaumana. Plastiki inateleza, haiumani. Fundo ni lile lile, kamba siyo ile.

Niliangukia rundo la makuti tuliyoyakata asubuhi ile, na hilo ndilo lililoniokoa. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti na mbavu mbili zikapata ufa. Mjomba alikuwa shamba lile lile. Alikuja mbio, uzee wake wote, akanisimamia, na neno lake la kwanza halikuwa pole.

"Panga lako limeangukia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaenda akaliangalia, akaangalia kulia na kushoto kama kuna mtu, ndipo akarudi akapiga magoti akanishika kichwa. Nilimwona analia. Miaka mingi baadaye mimi mwenyewe nilipokuwa msimamizi niligundua kwamba swali langu la kwanza mtu akiteleza lilikuwa hilo hilo. Aliyeanguka umeshamwona. Aliyepigwa na panga yuko kwenye majani, hujamwona.

Nilitiwa plasta hospitali, nikarudishwa nyumbani kukaa. Siku ya tatu akaja Bi Tatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi mkekani, akaomba aione ile kamba. Mke wangu akamletea. Aliinusa, akaivuta, akafunga fundo letu na kulivuta taratibu mpaka likajifungua mbele ya macho yangu.

"Kamba si mbaya," akasema. "Ila hukuiuliza inavyotaka kufungwa. Ungeniletea tungeiuliza pamoja."

Kisha akatoa kisu akaikata. Nilitamani anitukane. Badala yake akaniambia kwamba kwa kuwa sitakwea kwa miezi mingi, mikono yangu ni mizima, basi nipelekwe kwake kila asubuhi nikasokote.

Ndivyo nilivyojifunza kukagua kamba, vijana: nimekaa na mguu wa plasta kwenye baraza la mwanamke ambaye hajawahi kukwea mnazi hata mmoja. Siku za kwanza nilikuwa naona aibu, watu wanapita wanauliza kama nimekuwa msusi. Baada ya wiki mbili nilikuwa sitaki kutoka pale. Alinifundisha kufumba macho. Jicho, alisema, linaona nje tu na linapenda kamba nzuri. Kidole hakina mapenzi. Unaipitisha kamba polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, ukitafuta mahali paliponenepa, paliposinyaa, palipolegea au palipokakamaa. Ukipata mahali hapo, unaisokotoa kinyume mpaka moyo wake ufunguke, unatazama ndani. Usumba mzima ndani una rangi ya kahawia na unanukia makumbi. Ukiona weusi, au unga, au harufu ya uyoga, kamba imekufa hata kama nje inapendeza. Kamba huozea ndani kwanza, kwa sababu nje inapata jua na ndani inabaki na maji.

Tukaja kwenye plastiki, maana hakuikataa. Alinunua kipande akakifanyia majaribio kama fundi. Plastiki, tuligundua, ugonjwa wake ni kinyume: inakufa kuanzia nje, na muuaji wake ni jua. Ukiikwaruza kwa kucha ikatoa vumbi jeupe, usiikwelee. Ikiwa na sehemu iliyong'aa na kuwa ngumu kama imeyeyuka, hapo ilipata moto wa kusuguana na shina, usiikwelee. Na fundo lake lazima lizungushwe mara mbili na ncha ibaki ndefu, kiganja kizima. Mimi na yeye tulilipata fundo hilo baada ya kubishana asubuhi tatu. Mpaka leo huku kwetu linaitwa fundo la Bi Tatu, ingawa mzunguko wa pili ulikuwa wangu.

Nimesema sana habari za kamba nikausahau mnazi. Nilipoanza kazi, Mjomba Kipende alinikalisha miezi miwili kwenye mnazi mmoja mfupi ambao mbuzi wangeweza kuukwea. Nilipanda na kushuka, kupanda na kushuka, wenzangu wa rika langu wanapita na nazi zao wananicheka. Kila siku kabla sijapanda alinitaka niuzunguke mnazi mzima nimweleze nilichokiona. Nikisema sijaona kitu, nazunguka tena. Siku moja nilizunguka mara saba. Mara ya saba ndipo nilipowaona manyigu chini ya kuti, wametulia. Akaniuliza, "Mara sita ulizozunguka walikuwa wapi?"

Basi zungukeni. Tazameni kilele kwanza, kabla ya shina. Makuti yakiwa ya njano yote na madogo ya kati yamelala, huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, na mnazi ule unaweza kusimama mwaka mzima umekufa ukikusubiri. Kilele kikiwa na matundu, mdudu chonga ameshautoboa moyo. Kisha lipigeni shina kofi. Mnazi mzima unajibu kwa sauti nzito, fupi. Ukilia kama debe, mwachieni mwenyewe aukate na shoka. Kila kidato kipimeni kwa kisigino kabla ya kukipa uzito. Juu, msishike kuti kavu hata likiwa limejishikilia vipi. Shikeni tako la kuti bichi, karibu na shina. Panga likae nyuma kiunoni, na mpini wake uupige kwenye jiwe kila asubuhi kuona kama unacheza. Na msikwee na njaa. Mjomba alikuwa akiwanusa watu midomo asubuhi, si kutafuta tembo, ile pombe ya mnazi, ingawa hilo nalo alilitafuta. Alikuwa anatafuta harufu ya chai.

Sasa nifike kwa Salumu.

Salumu Mbonde tulianza naye kazi mwaka mmoja. Alikuwa mkwezi mzuri kuliko mimi, nasema hili akiwa hayupo, akiwepo silisemi. Alipanda kama anapandishwa. Nilipopona mguu nikarudi kazini, Mjomba ameshachoka, wakwezi wakanichagua mimi niwe msimamizi wa kundi letu la watu wanane. Nadhani walinichagua kwa sababu nilichechemea kidogo. Walijua sitakwea kwa pupa. Nilijua lilimwuma Salumu.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguka. Zamani nazi zetu zilikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja. Sasa malori yalikuja kutoka Dar es Salaam kila wiki, kila tajiri na haraka yake. Mmoja aliitwa Bwana Mahadhi, mtu mnene, mpole wa sauti, mkali wa saa. Siku chache kabla ya Ramadhani alileta lori lake kwenye shamba la Mtunda, anataka lijae siku ile ile, kwa sababu futari ya mji mzima inataka nazi na barabara yetu ya miaka ile ikipata mvua ya pili lori linalala matopeni. Na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri.

Nikapapasa shina. Ukungu wa kijani, umelowa, unateleza kama bamia. Nikamwambia Bwana Mahadhi kwamba tutasubiri jua likaushe, labda saa tatu, labda saa nne. Akatazama saa yake, akasema kwa upole kwamba kuna kundi jingine Bungu ambalo halisubiri jua. Wenzangu wakanitazama. Shamba lile lilikuwa riziki yetu kubwa ya msimu. Akienda Bungu leo, kesho asingekuwa na sababu ya kurudi. Salumu akasimama, akasema yeye yuko tayari, mnazi wenye maji si mgeni kwake.

Sikutaka kubishana naye mbele ya tajiri. Nikasema wakati tunasubiri tukague kamba. Nikakaa kwenye gogo, wakaniletea moja moja, nikafumba macho. Saba zilikuwa nzima. Ya nane ilikuwa ya Salumu, ya bluu, ya plastiki. Aliileta mwisho, na aliponipa hakuiachia mara moja.

Vidole viliniambia kabla sijafumbua macho. Karibu na mahali pa fundo palikuwa pakavu, pamekakamaa. Nikakwaruza kwa kucha. Vumbi jeupe likabaki chini ya ukucha. Alikuwa ameianika juani kila siku juu ya paa, msimu mzima, wala hakuwa ameipeleka kwa Bi Tatu tangu ainunue.

"Hiyo ni chokaa ya ukutani," Salumu akasema. "Niliiegemeza ukutani."

Nikajua kwamba anajua. Na nikajua kwamba nikimrudishia, nikimwambia tu aiweke pembeni, jua likizidi na lori likipiga honi ataichukua. Mimi pia ningeichukua. Nilikuwa nimeshawahi kuwa yeye.

Nikachukua panga, nikaiweka kamba juu ya gogo, nikaikata katikati.

Salumu akaokota kipande kimoja, akakitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, na siwezi kuwaambia kwamba nilijisikia shujaa. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu utoto. Akakitupa kipande kile miguuni mwangu, akachukua baiskeli yake akaondoka.

Nikageuka nimkabili Bwana Mahadhi, nikitarajia apande lori lake. Alikuwa ameketi kwenye kipandio cha mlango, kofia mkononi. Akasema, "Mwezi uliopita nilimbeba mkwezi wa shamba moja juu ya nazi zangu kumpeleka hospitali. Hakufika. Sikuwaambia nyinyi, mngeogopa."

Akamwambia dereva azime injini. Jua lilipanda, tukapapasa mashina tena saa nne kasoro, tukakwea saba. Lori lilijaa alasiri na likaondoka kabla ya mvua. Tangu siku ile Bwana Mahadhi akifika shambani alikuwa analeta mkate na maandazi ya wakwezi, anakaa kwenye gogo anatazama ukaguzi wa kamba mpaka mwisho, kama mtu anayetazama mpira. Hakuitaja tena Bungu.

Lakini Salumu hakunisemesha. Ramadhani nzima tuliswali safu moja msikitini, akitoa salamu ya kumaliza swala anageuza shingo nusu tu, asinione. Mke wangu na mke wake waliendelea kupelekeana futari kama kawaida, sisi waume tukila vyakula vya nyumba zetu mbili bila kutazamana. Nilikwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili alikuwa ametoka mlango wa uani. Nilifikiri nimempoteza. Usiku sikuwa nawaza kwamba nilikosea, nilikuwa nawaza kama kuna namna nyingine ya kuikata kamba ya rafiki isiyomkata yeye. Sijaipata, wala sitawadanganya kwamba ipo. Nyinyi mkiipata mniambie.

Siku ya pili ya Idi nilikuwa nimekaa nje nakunywa chai, akaja. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi, na begani ana kamba mpya ya usumba. Hakunisalimia. Akaishusha akaniwekea mapajani, akasimama pembeni na kutazama kuku.

"Itazame," akasema.

Nikafumba macho, nikaipitisha yote, taratibu kuliko kamba yoyote niliyowahi kuishika. Nilijua kazi ya nani ile. Bi Tatu alikuwa anafunga ncha kwa namna yake. Hapakuwa na haja hata ya kuikagua. Niliikagua mpaka mwisho.

"Inafaa," nikasema.

Akaketi. Mke wangu akaleta kikombe cha pili.

Tulikwea pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo, mpaka magoti yalipokataa, yake kwanza, yangu mwaka uliofuata. Bi Tatu alifariki akiwa mtu mzima sana, na kamba zake za mwisho tulizigawana wakwezi.

Juzi mmoja wenu alinionyesha mkanda wa kukwelea alioletewa na ndugu yake kutoka Dar es Salaam, mpana, una chuma na mishono minene, akaogopa kwamba nitaucheka. Sikuucheka, nilitamani ningekuwa nao zamani. Nilimwambia akae nami tuuulize. Tukafumba macho. Tukapitisha vidole kwenye mishono, tukapata mahali pamoja uzi umekatika. Tukafungua chuma tukaona kutu imeanza shingoni, maana hewa ya chumvi ya huku haichagui chuma cha mjini. Nikamwambia aurudishe kwa fundi. Alinuna kidogo. Nilimwelewa.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi mnakaribishwa hapa na mikanda yenu na kamba zenu. Mtamkuta na Salumu, huwa anakuja mapema kucheza bao. Msimwulize habari za kamba ya Mtunda kama mna haraka. Hadi leo anashikilia kwamba ilikuwa nzima, kwamba ule ulikuwa unga wa chokaa. Amepita miaka sabini, ana wajukuu asiowakumbuka majina, na karibu kila siku anatembea kwa miguu yake miwili kutoka kwake mpaka kwangu kuja kuniambia hivyo.